Msibani tunyamaze, mambo ya mali yasubiri

Mhariri, naomba nafasi kidogo niliseme hili maana linaniuma sana, hii tabia ya kuamua mambo makubwa msibani wakati udongo wa kaburi hata haujakauka.

Hapa Mbagala tumemzika jirani yetu juzi juzi, fundi aluminiamu, kijana kabisa. Siku ya tatu dua imeisha, masufuria ya pilau bado hayajaoshwa, baba mkubwa mmoja akaitisha kikao pale pale kwenye mikeka. Akachukua lile daftari la rambirambi akafungua ukurasa wa nyuma akaanza kuandika, bodaboda mbili, mashine ya kukatia, kiwanja Chanika, friji. Mjane yuko ndani macho yamevimba, anaitwa mlangoni anaulizwa kadi ya benki iko wapi na namba ya siri ni ipi, halafu anaambiwa mtoto mkubwa ataenda kwa shangazi yake Tanga na mdogo atabaki na bibi, na yeye kila kitu anajibu sawa baba, sawa baba. Jamani ile sawa siyo ridhaa, mtu hajalala siku tatu hata ukimwambia nyumba inabomolewa kesho atakwambia sawa.

Sisemi kila kitu kisubiri. Cheti cha kifo kifuatiliwe, wanaomdai marehemu wajulikane, familia ikae ipendekeze msimamizi wa mirathi. Ila kupendekeza msimamizi na kugawana mali ni vitu viwili tofauti na kuna watu wanavichanganya makusudi. Msimamizi anateuliwa na mahakama, na Mahakama ya Mwanzo inampa miezi 4 alete orodha ya mali na madeni, sasa nyie mnaotaka kumaliza kila kitu siku ya tatu mnawahi wapi? Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 68 inasema mjane yuko huru kuishi anapotaka, na kuolewa tena au kutoolewa, hata kama mila inasema vingine.

Sisi Waislamu ndo tungekuwa wa kwanza kuelewa. Eda ya mjane ni miezi minne na siku 10, na Kurani imekataza hata kuazimia kufunga naye ndoa kabla muda haujaisha. Kama ndoa inasubiri, kiwanja cha Chanika kinashindwa nini?

Dada zangu wajane, mkiletewa karatasi ya kusaini msibani semeni "nimesikia, nitawajibu" basi, mnyamaze. Msibishane wala msijieleze, hakuna sheria inayomlazimisha mtu asaini huku analia. Na sie tunaokuja kuhani tupunguze mdomo, mara mngemuwahisha hospitali, mara ungeuza kitu atibiwe, hayo yanamsaidia nini mfiwa saa hizi? Pole inatosha, kaa naye.

Ombi langu kubwa ni kwa wenyeviti wa serikali za mitaa. Msigonge muhuri kwenye mauziano ya mali ya marehemu kama muuzaji hana barua ya usimamizi kutoka mahakamani, hata kama anakuja na wazee watano nyuma yake. Hapa kwetu bodaboda moja imeshauzwa, na mteja wa kiwanja tunasikia ameshapatikana.

Jirani mwenye uchungu,
Mbagala, Dar es Salaam