Fonti ya brashi tuiachie kichwa cha bango

Mhariri,

Mimi ni mchora mabango hapa Majengo, Dodoma. Siku hizi wateja wanapenda fonti, yaani mtindo wa herufi, nene ya kompyuta iliyochorwa kwa mkono, yenye michirizi kama ya brashi inayokaukiwa rangi. Naipenda hata mimi. "NYAMA CHOMA" ikiandikwa nayo kwa ukubwa, bodaboda anaisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Lakini juzi nimeona bei na namba za simu zimechapwa nayo, ndogo kama punje za mtama. Michirizi imejaa wino, 3 na 8 hazitofautiki. Wachapaji, hapo tumieni herufi za kawaida. Na mkiandika "KARANGA ZA KONGWA", zile A tano zisifanane hadi mkwaruzo. Brashi yangu haijawahi kurudia A ileile.

Mchora mabango,
Majengo, Dodoma