Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Kidole Kinachohisi kwa Chumvi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu, wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum! Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama, nasi tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako ukaja kuwa nasi katika Siku ya Sayansi ya shule yetu. Kwa niaba ya wanachama 27 wa klabu, nimepewa heshima ya kukusomea risala hii. Maombi tunayo na tutayaleta, lakini kwanza tungependa uijue kazi iliyotuchukua mwaka mzima na sababu ya kuichagua.

Kazi yenyewe iko mezani mbele yako, juu ya sinia. Ni kidole cha silikoni, kirefu kidogo kuliko cha mtu mzima, na kwa ndani kina mfereji mwembamba wenye maji ya chumvi. Hakina mfupa wala skrubu. Ukikigusa, kinajua kwamba kimeguswa.

Jambo hili lilianzia nyumbani kwetu. Bibi yangu ana kisukari kwa miaka mingi sasa. Mwaka jana, wakati wa baridi, alikuwa ameketi kando ya jiko la mkaa, kaa likadondoka na kutua juu ya mguu wake. Hakushtuka. Aliendelea kuchambua mchele hadi sisi wengine tuliposikia harufu. Hospitali walitueleza kuwa sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu huziharibu neva, na neva za miguuni ndizo huanza. Kidonda kile alikiuguza miezi mitano.

Nilipowasimulia wenzangu klabuni, mmoja wao aliuliza swali lililotunyamazisha wote. Kama mguu wa mtu, wenye damu na uhai, ukikosa hisi unaungua bila mwenyewe kujua, je, mashine inayoinua mgonjwa kitandani au kumshika mtoto mkono itajuaje kwamba inaumiza?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, roboti tulizozoea kuziona kwenye picha za viwanda vya magari ni za chuma. Zina nguvu na hazikosei hatua, ila mtu akizisogelea mno zinaweza kumvunja. Ndiyo maana wapo wanasayansi walioamua kutengeneza roboti laini kwa raba na silikoni. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wakiwemo Robert Wood na Jennifer Lewis, walionyesha roboti ndogo yenye umbo la pweza waliyoiita Octobot. Haikuwa na betri, waya wala kipande chochote kigumu. Chakula chake kilikuwa haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ya kuoshea vidonda inayotoa povu, ila yenyewe ilikuwa kali zaidi. Ikigusana na platinamu inavunjika na kuwa maji na gesi ya oksijeni, na gesi hiyo ndiyo iliyojaza mikono ya pweza ikanyanyuka kwa zamu.

Pweza yule alisogeza mikono yake, lakini mwenyewe hakuhisi chochote. Ungemfinya asingejua.

Ili tuelewe kilichokosekana, ilitubidi kwanza tuulize sisi wenyewe tunahisije. Wengi wetu tulidhani mguso ni umeme tu unaokimbia kwenye neva. Mwalimu wetu wa kemia alitusahihisha: kabla ya umeme kuna chumvi. Mwaka 2010 Ardem Patapoutian na wenzake, huko California, walitangaza protini mbili walizoziita Piezo1 na Piezo2, jina lililotokana na neno la Kigiriki la kubana. Protini hizi zimekaa kwenye utando wa seli kama malango. Ngozi ikibonyezwa utando unavutika, lango linafunguka, na ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinaingia ndani, zikiwemo za sodiamu, sodiamu ileile iliyomo katika chumvi ya mezani. Ayoni zikishaingia, ndipo habari inapoanza safari ya kwenda kwenye ubongo. Mwaka 2021 Patapoutian alipata Tuzo ya Nobel pamoja na David Julius, ambaye yeye alitumia ukali wa pilipili kutafuta protini inayohisi joto. Tangu siku hiyo hatukuiangalia tena chumvi kwa dharau.

Watafiti wa Harvard nao waliupita mlango huohuo wa chumvi. Mwaka 2018 walieleza vidole vya roboti vilivyochapishwa pamoja na hisi zake, kwa kutumia wino uliotengenezwa kwa chumvi ambayo kwenye joto la kawaida ni kimiminika. Chumvi ya namna hiyo hupitisha umeme, na uzuri wake mkubwa ni kwamba haikauki. Waliichanganya na unga laini sana wa silika ili iwe nzito na isitawanyike, kisha wakaichora ndani ya silikoni ambayo ilikuwa haijakauka. Kidole kikipinda, mfereji wa wino unarefuka na kuwa mwembamba, ukinzani unapanda, yaani umeme unapita kwa taabu zaidi, na kipimo kinaonyesha. Walitengeneza mkono wa vidole vitatu uliojua umepinda kiasi gani, umegusa kitu kwa wepesi au kwa nguvu, na kama kitu ni cha moto.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi hatuna chumvi ya namna ile wala mashine ya kuchapisha. Tulianza na silikoni ya mafundi wa aluminiamu, ile ya kuzibia madirisha. Tuliichanganya na wanga wa mahindi, ule wa kuufanya mchuzi uwe mzito, kwa sababu silikoni hiyo hukauka kwa unyevu, na wanga huupeleka unyevu hadi katikati. Inapokauka hutoa asidi ya siki. Siku ya kwanza harufu ilijaa maabara nzima, macho yakawasha, mwalimu akatutoa sote tukaendelea chini ya mwembe. Tukaizungushia silikoni kwenye mrija wa soda, ikakauka, tukauchomoa mrija, tukajaza maji ya chumvi na kuziba kwa nyaya mbili za shaba.

Kidole kilihisi, lakini pia kilisema uongo. Namba kwenye multimita, kifaa chetu cha kupimia umeme, zilipanda bila mtu kukigusa, na baada ya siku mbili nyaya zilikuwa zimegeuka kijani. Tulikuwa tumefundishwa elektrolisisi darasani na tumeijibia mitihani, lakini hatukuwahi kuiona ikituharibia kazi. Umeme unaokwenda upande mmoja tu ulikuwa unazirundika ayoni kwenye nyaya na kuila shaba. Tukaondoa shaba na kuweka risasi za penseli. Tukaazima ubao mdogo wa kompyuta uitwao Arduino, ukawa unaugeuza mwelekeo wa umeme mara nyingi kwa sekunde, ayoni zisipate nafasi ya kurundikana. Maji yalipoendelea kukauka tukaongeza glisarini ya duka la vipodozi. Namba zikatulia.

Kidole cha pili hakina maji kabisa. Mzazi mmoja anayefanya kazi Mahenge, wilayani Ulanga, alituletea kinywe, yaani grafiti, madini ambayo nchi yetu inayo kwa wingi. Tulikisaga na kukichanganya na silikoni kidogo kidogo. Kijiko cha kwanza, umeme haukupita. Cha pili, haukupita. Tukaendelea hivyo hadi tukaanza kukata tamaa, kisha kwa nyongeza ndogo tu umeme ukapita ghafla. Mwalimu akatuambia tufikirie watu waliotawanyika uwanjani: mmoja mmoja hawafikishi ujumbe upande wa pili, lakini idadi ikitosha wakashikana mikono, unafika. Chembe za kinywe nazo ni hivyo. Ukiivuta raba, baadhi ya mikono inaachana, na kwa kuachana huko ndipo tunajua imevutwa. Kasoro yake ni kwamba ukikiachia kinachelewa kurudi kwenye namba ya mwanzo. Bado tunapambana nayo.

Kuna kosa moja ambalo tunaona ni haki ulijue. Mwanafunzi aliyewahi kusoma hapa alitutumia kopo la silikoni bora ya kutengenezea viungo, inayokauka kwa msaada wa platinamu. Tukavaa glavu za mpira kama tulivyofundishwa na tukaifinyanga kwa uangalifu mkubwa. Asubuhi ilikuwa bado inanata. Wiki ikapita, bado inanata. Kopo zima likapotea, na baadhi yetu walilia. Baadaye tukagundua kuwa mpira wa glavu umekomazwa kwa salfa, ufundi unaotokana na ugunduzi wa Charles Goodyear wa mwaka 1839, na salfa ikiigusa platinamu huishika na kuizuia kufanya kazi. Tulijilinda mikono yetu kwa kitu kilekile kilichoiharibu silikoni. Hilo hatukuliona katika vitabu tulivyo navyo, na tumeliandika kwa herufi kubwa kwenye mlango wa maabara ili wadogo zetu wasilipie tena.

Sasa maombi yetu. Tunaomba kabati la kufyonza mvuke, kwa sababu chini ya mwembe hatuwezi kufanya kazi mvua zikianza. Tunaomba glavu za nitraili, zile zisizokomazwa kwa salfa, na makopo machache ya silikoni ile tuliyoipoteza. Tunaomba mizani ya kidijitali, maana kijiko si kipimo: hatuwezi kumweleza mtu mwingine ni kinywe kiasi gani kinachotosha. Na multimita moja tuliyo nayo tunagawana na somo la fizikia.

Ombi la mwisho si la fedha. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kipo chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia. Tunaomba ututambulishe kwao, Mheshimiwa, hata kwa barua tu, ili wanachama wachache waende na vidole hivi wakawaulize mafundi wenyewe: mtu aliyevaa mguu wa bandia angependa ujue nini kwanza, moto, uzito au utelezi? Sisi tumekuwa tukikisia. Wao wanawajua watu hao kwa majina. Tunaota pia siku ambayo soli ya kiatu itamwambia mgonjwa wa kisukari kwamba amekanyaga kitu, lakini hatutaki kuahidi tusichokuwa nacho mkononi.

Tunamshukuru Mkuu wa Shule kwa kutuachia funguo za maabara siku za Jumamosi, na mwalimu wetu wa kemia ambaye Jumamosi hizo hakuwahi kukosa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, bibi yangu yuko hapa, safu ya pili, mwenye kitenge cha bluu. Asubuhi alikibonyeza kidole hiki mara tatu, na mara zote tatu taa iliwaka. Tunakuomba nawe ukibonyeze kabla hujakata utepe wa maonyesho. Ubonyeze taratibu karibu na ncha, pale silikoni ni nyembamba.

Tunaomba kuwasilisha.