Malalamiko kuhusu sakafu ya bafu la chumbani

Tabata, Dar es Salaam
14 Mei 2025

Meneja,
Kampuni ya Ukarabati wa Nyumba,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SAKAFU INAYORUDISHA MAJI CHUMBANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Tarehe 3 Machi tulisaini mkataba wa kukarabati bafu la chumba changu cha kulala, lenye upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2.2, kwa shilingi 4,200,000, na siku hiyohiyo nikalipa shilingi 3,000,000. Kazi iliyoahidiwa kwa siku 12 ilichukua siku 31. Hilo nimekwisha kulisamehe. Barua hii inahusu sakafu.

Mtu akioga, maji hayaendi kwenye tundu lililo chini ya bomba la mvua, bali hukusanyika mlangoni, yakapita juu ya kizingiti na kuingia chumbani, ambako ubao wa chini wa kabati la nguo umekwisha kuvimba. Mwanangu aliweka gololi pembeni mwa tundu, nayo ikabiringika polepole hadi ikagonga mlango. Tuliirudisha mara tatu, na mara zote tatu ikafuata njia ileile. Sakafu ya bafu hutakiwa iteremke kuelekea tunduni kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na fundi mwenye pimamaji angeligundua kosa hilo kabla ya kubandika marumaru ya kwanza.

Linalonikera zaidi limefichwa chini ya marumaru hizo. Kifungu cha 6 cha mkataba kinasema sehemu ya kuogea itapakwa dawa ya kuzuia maji mara mbili, kisha tundu lizibwe na sakafu ijazwe maji kwa saa 24 ili kuthibitisha kwamba haivuji. Nilikuwa nyumbani siku zote hizo: sakafu ilisawazishwa asubuhi, na jioni marumaru zilikuwa zimekwisha kubandikwa. Leo ukuta wa upande wa sebuleni una doa la unyevu lenye ukubwa wa sinia, na rangi yake inabanduka kwa kucha. Marumaru zenyewe, nikizigonga kwa sarafu, nyingi zinalia kama debe tupu.

Kuhusu harufu inayopanda kutoka tunduni, msimamizi wenu alinijibu kwamba ni ya saruji mpya. Saruji naifahamu, Ndugu Meneja. Hii ni harufu ya chemba, kwa kuwa bomba limeunganishwa moja kwa moja, bila kile kiungo kilichopinda kinachobakiza maji ili hewa chafu isirudi ndani.

Tarehe 2 Mei mlimtuma kijana mwenye silikoni, akapaka kizingitini, akapiga picha, akaondoka. Silikoni haibadilishi mteremko.

Kwa hiyo naomba, ndani ya siku 14 na kwa gharama zenu, sakafu yote ivunjwe pamoja na safu ya chini ya marumaru za ukutani, bomba lirekebishwe, mteremko uwekwe upya, na jaribio la saa 24 lifanyike mbele yangu. Shilingi 1,200,000 zilizobaki nitazilipa jaribio hilo likifaulu. Mkishindwa, nitawasilisha shauri hili Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Fundi wa umeme alifanya kazi safi, na kwake sina neno.

Nimeambatanisha picha, risiti na nakala ya mkataba. Napatikana nyumbani kila siku baada ya saa kumi jioni, na Jumamosi kutwa nzima.

Wako,
Mteja