Sokwe wetu hauzwi kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Wiki tatu zilizopita mlitoa picha ya pikipiki ndogo iliyokutwa kwenye yadi ya vyuma chakavu, na chini yake mkaandika "pikipiki ya kuchezea watoto". Picha hiyo nimeikata na kuibandika kibandani kwangu Kibirizi ninapouzia dagaa, maana ninayo ya aina hiyohiyo nyumbani, jina lake Sokwe, na si ya kuchezea.

Kwa haki, mwandishi wako hajakosea moja kwa moja. Mwaka 1961 Honda walitengeneza vipikipiki vya kupandia watoto kwenye bustani ya michezo ya Tama Tech, Tokyo. Baadaye ndiyo wakaanza kuviuza vya barabarani. Lakini hii yangu, Z50A, ina injini ya ukoo mmoja na zile Honda fifti walizokuwa wakizungukia mabwana shamba vijijini: silinda imelala kwa mbele, ujazo wa sisi (cc) 49, gia tatu za mguu. Klachi ya mkononi haina kabisa, ndiyo maana nikiwa na miaka tisa niliweza kuiendesha.

Baba alikuwa mtia grisi kwenye chumba cha injini cha MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1979 mzungu mmoja wa mradi, ambaye baba alikuwa akimtengenezea jenereta, alikuwa anarudi kwao. Pikipiki hiyo usukani wake unakunjwa ili iingie kwenye buti la gari, ila yeye alikuwa anapanda ndege. Akamwachia baba.

Jina la Sokwe lilitokana na baba mdogo. Siku ya kwanza alipoipanda, magoti yalimfika masikioni. Watu wa mtaani kwetu Mwanga walicheka mpaka wakashika mbavu, mmoja akapiga kelele kwamba kuna sokwe katoroka hifadhi ya Gombe. Mwaka jana fundi wangu, kijana wa bodaboda, kaniambia eti kwao Japani nayo inaitwa Monkey, na ni kwa sababu hiyohiyo ya magoti. Sikuamini mpaka aliponionyesha kwenye simu.

Petroli miaka ile ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Wazee wenzangu mnakumbuka magari yalivyokatazwa kutembea Jumapili mchana. Basi sisi tuliisukuma Sokwe hadi Mwanga juu, tukateremka nayo imezimwa mpaka karibu na stesheni, kaka mbele mimi nyuma, halafu tukaisukuma tena kupanda. Grisi baba alitunyima, akisema ni mali ya meli, kwa hiyo cheni tuliipaka mawese ya mama. Usiku sisimizi wakaipandia msururu. Asubuhi tulichapwa, na si kwa ajili ya cheni.

Mwaka 1986 ilipokosa tairi, baba aliiweka stoo. Mimi nilishika chemli. Alitoa plagi, akayeyusha grisi kwenye kopo la maziwa (safari hii mali ya meli haikuwa neno), akamimina kidogo kwenye tundu, akakanyaga kiki taratibu ienee, akamimina tena. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua na kitu kibovu. Akanisimulia ya Liemba: Wajerumani walipoizamisha Julai 1916 ili adui zao wasiipate, mafundi wake kwanza walizipaka injini grisi nzito. Ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. "Na sisi hii tunaizamisha tu," akasema, akafunga plagi.

Kilichofuata ni kosa langu. Baba alipofariki stoo ikawa yangu, nami nikajaza humo magunia ya chumvi ya Uvinza, mengine nikayaegemeza kwenye Sokwe. Chumvi huvuta unyevu, na hapa ziwani unyevu haukosi. Ikala matagadi, ikatoboa tangi.

Mwaka juzi akaja kijana wa vyuma chakavu na mizani yake ya kuning'iniza. Kilo arobaini na tisa, kwa shilingi mia tano kila kilo. Sikatai, hela nilishazishika, elfu ishirini na nne na mia tano. Akaiburuta mpaka mlangoni. Hapo kiki ikamkwaruza mguu, akaikanyaga kwa hasira. Ikashuka polepole, ikapumua, ikarudi juu. Injini iliyokamata haifanyi hivyo. Nikamrudishia hela zake, naye akaondoka akinung'unika kwamba wamama hatueleweki.

Tulipofungua kichwa cha silinda, mimi na fundi, ndani tulikuta grisi ya rangi ya asali, imeganda kama sabuni ya mawese. Fundi aliifuta kwa kitambaa na ukuta wa silinda ukang'aa, nikaona kivuli cha kidole changu. Sikusema kitu kwa muda. Tulibadilisha ringi na gasketi tu. Platini tulizipiga msasa laini, kabureta ikazibuliwa kwa unywele mmoja wa waya wa breki.

Tangi lilituchelewesha. Fundi wa kuchomelea alikataa kuligusa mpaka tulioshe kwa maji na sabuni mara tatu na kulijaza maji, maana mvuke wa petroli ya zamani humlipukia mtu usoni. Nilimwona muoga. Baada ya habari ya tairi nilimwelewa.

Rimu za pikipiki hii ni sahani mbili zilizobanwa pamoja kwa nati. Tulikuwa tumejaza upepo kujaribu mpira wa ndani, kisha fundi akaanza kulegeza nati bila kuutoa. Pa! Sahani moja ikapita juu ya kichwa chake ikaangukia kwenye dagaa wangu walioanikwa. Alikaa chini pale pale, uso umempauka. Mwenye pikipiki ya namna hii, toa upepo kwanza, hata kama tairi limenywea.

Kipimo cha tairi ni 3.50-8. Ya bajaji, 4.00-8, iliingia kwenye rimu lakini ikawa inasugua. Kumbe toroli za ujenzi zipo zenye 3.50-8, basi Sokwe sasa anatembelea tairi za toroli, uani tu. Tairi hizo si za mwendo, na namba ya usajili haina.

Iliwaka kiki ya kumi na moja. Nilimpigia kaka yangu, anaishi Kasulu, nikaisogeza simu kwenye ekzosi. Akakaa kimya. Halafu akauliza kama cheni nimeipaka mawese.

Kilichobaki, Mhariri, ni kitu kimoja na ndicho kilichonifanya nikuandikie. Usukani unakazwa kwa vishikio viwili vya kuzungusha kwa mkono, kimoja kila upande. Cha kulia tulikipoteza utotoni kwenye mteremko wa stesheni, na hadi leo pale nimeweka nati ya kawaida ya kukaza kwa spana. Ile pikipiki ya pichani kwenu ninaona kama ina vyote viwili, ingawa picha yenyewe ni ya giza. Mwandishi wako anajua ni yadi gani. Amwombe mwenye yadi asiikate kwanza. Nauli ninayo, na nitakuja na debe la dagaa.

Mama Dagaa,
Kibirizi, Kigoma