Umeme wa nyumbani si kazi ya kujaribia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mazoea yetu wenye nyumba ya kufanya matengenezo wenyewe ili kupunguza gharama za fundi. Siyapingi mazoea hayo kwa ujumla. Nimepaka rangi vyumba vyangu vyote, nimebadilisha washa za mabomba na nimeziba nyufa za lipu, na sioni kwa nini mtu mwenye afya na nafasi amlipe mwingine kwa kazi ambazo, ukizikosea, utaliona kosa siku hiyohiyo na kulirekebisha.

Umeme hauko hivyo. Miaka mitatu iliyopita niliongeza soketi ya jokofu jikoni kwa kuunganisha waya kutoka kwenye njia ya taa. Jokofu liliwaka, nami nikaridhika. Sikujua kwamba nyaya za taa kwa kawaida huwa nyembamba, za milimita za mraba 1.5, na za soketi huwa nene zaidi, 2.5, wala sikujali kwamba waya niliotumia ulikosa ule uzi wa kijani wenye mstari wa njano unaokwenda ardhini. Miezi ikapita bila dalili yoyote, hadi siku binti yangu, akiwa pekupeku kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, aliposhika mlango wa jokofu akapigwa shoti. Namshukuru Mungu kwamba yu mzima, lakini hofu ya siku ile haijanitoka.

Fundi niliyemwita alinieleza kwamba umeme ukivuja ukafika kwenye bati la chombo, waya wa ardhi huupa njia ya kushuka na swichi ya kinga hukata. Waya huo usipokuwepo, bati hubaki na umeme mpaka atokee wa kuligusa. Hakukisia. Alipima kila soketi kwa mita, akapima na fimbo ya shaba iliyochimbiwa nje, ambako waya wa ardhi huishia, kisha akafunga swichi inayokata umeme unapovuja hata miliampia 30. Upimaji huo ndio nisioweza kuufanya mwenyewe, na ndio ninaoulipia.

Hata hivyo, kumwita fundi pekee hakutoshi. Mitaani kwetu mtu mmoja hujenga ukuta, huweka vigae na kutandaza nyaya, ilhali hapa Tanzania anayefunga umeme majumbani anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na leseni hizo zina madaraja. Wengi wetu huuliza bei kwanza, na sababu yake naielewa: tunajenga kidogo kidogo kadiri fedha zinavyopatikana, na zamu ya umeme hufika wakati mfuko umekwisha kukauka kwa saruji, nondo na mabati. Iwapo ni lazima kubana matumizi, afadhali vigae vingoje mwaka ujao.

Namsihi anayejenga sasa aombe kuiona leseni ya fundi kabla ya kumpa malipo ya awali, na apige picha za kuta zote mabomba ya nyaya yakiwa bado wazi, kabla ya lipu. Mimi sikuwa na picha hizo, na ilibidi fundi achimbe ukuta wa jikoni sehemu nne ndipo akapata mahali nilipounganisha.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam