Mwanangu, kwanza vaa buti

Mwanangu,

Salamu kutoka nyumbani. Hatujambo, ila mama yako goti linamsumbua kila hali ya hewa ikibadilika.

Picha uliyotuma jana nimeitazama mara nyingi. Mama yako ameisifia bustani, mimi macho yaliishia miguuni. Umesimama katikati ya vifaa 14 vilivyotandazwa chini, umevaa ndala, na nyuma yako kuna reki imelala meno juu. Sikulala vizuri.

Usidhani sikufurahi. Kutoka kazini umechoka, kisha ukainama kwenye udongo, hilo si kila kijana analiweza, na nimewaambia watu. Lakini seti nzima uliinunua kwa haraka ya nini? Nimelima kabla hujazaliwa na simu ninayo. Ungeuliza, ningekwambia uanze na vitano tu: jembe, reki, kisepeto cha mkono cha kupandikizia miche, mkasi wa kupogolea na kopo la kumwagilia. Toroli lisubiri mpaka uone una mzigo wa kulijaza. Na cha sita, ambacho kwangu ni cha kwanza, ni buti.

Tazama mipini yako. Yote imepakwa rangi nyekundu, na rangi kwenye mpini huficha fundo na nyufa. Ikwangue kwa msasa uone nyuzi za mti. Zikienda sambamba kutoka kichwani hadi mwisho, huo ni mpini. Zikikata kwenda pembeni, utavunjikia hapo hapo, na siku utakapovunjika utakuwa umeuinua. Jembe nalo lining'inize uligonge kwa kijiwe: chuma kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti butu. Likicheza kwenye mpini, usilitumbukize kwenye maji kama wengi wafanyavyo. Mti huvimba siku hiyo, ukikauka hulegea kuliko mwanzo. Pigilia kabari ya mti mkavu. Reki ukiisimamisha, mpini ufike kidevuni au uzidi kidogo, la sivyo mgongo wako utalipa.

Mkasi uchague wenye makali mawili yanayopishana. Ule ambao kali moja linashuka juu ya kibao cha chuma huponda shina bichi, huo unafaa kwa matawi makavu. Kopo la kumwagilia uliloshika pichani naona ni la lita 10. Likijaa ni kilo 10 za maji kwenye mkono mmoja. Mawili ya lita 5, moja kila upande, yangekufaa zaidi. Na hilo bomba la kupulizia, ukishatia dawa ya kuua magugu, lisiguse tena mimea unayoitaka hata ukilisuuza. Liandike kwa rangi, ununue jingine.

Narudi kwenye miguu. Watu husema pepopunda inaletwa na kutu. Vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo wenyewe na kwenye samadi, kwa hiyo hata reki mpya inayong'aa inaweza kuvipeleka ndani ya nyama. Navyo hupenda mahali pasipo hewa, ndiyo maana kitundu chembamba kilichoingia ndani ni cha kuogopwa kuliko mkwaruzo mpana. Kidonda kinaweza kufunga, ukakisahau, na taya likaanza kukaza baada ya siku 3 hadi 21. Buti ziwe na soli ngumu zisizopinda kwa vidole, zifunike kifundo. Si zile raba za zamani. Buti.

Kovu lako unalijua, sitalieleza. Ila miaka yote tumekuwa tukisema hapa nyumbani kwamba ulikimbia bila kutazama. Ulikuwa na miaka 7, na mtoto wa miaka 7 hukimbia. Reki haikwenda pale kwa miguu yake, wala haikujigeuza yenyewe. Nimekuwa nikitaka uandikiwe hivyo.

Kwa hiyo ukimaliza kazi, hata kama giza limeingia na mvua inanyesha, vifaa visibaki chini. Futa udongo, kausha, paka mafuta kidogo kwenye chuma, kisha tundika ukutani, meno yakiangalia ukuta. Usiku ule mimi nilisema nitaiondoa asubuhi.

Mdogo wako alichukua ngazi tangu mwezi uliopita na paa la jikoni linavuja, ukizungumza naye mkumbushe, mimi ananisikia nusu. Ile tupa yangu ya kunolea jembe nitakupa utakapokuja. Ni nzuri kuliko utakayoipata kwenye seti. Utanoa upande mmoja tu wa jembe, ukisukuma kwenda mbele bila kuirudisha juu ya chuma, na umevaa glavu. Bawaba ya lango inalia tena, uje na grisi.

Chanjo ya pepopunda hurudiwa kila miaka 10. Ukichomwa na kitu kichafu na imepita miaka 5 tangu ya mwisho, unakwenda kliniki bila kusubiri uone itakuwaje. Nilijaribu kukumbuka yako ya mwisho ilikuwa lini nikashindwa, na kukumbuka hilo ilikuwa kazi yangu. Mama yako ameshusha sanduku lote la karatasi kutafuta kadi, sebuleni hapapitiki.

Ameipata sasa hivi, nikiwa bado naandika. Imepita miaka 12. Nenda wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Kisha utume picha nyingine ukiwa bustanini, na miguu ionekane.

Baba yako