Wanaopima misuli yetu watuletee majibu

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu nilipokuwa bado nafundisha fizikia, na kwa miaka yote hiyo sijakuandikia hata mara moja, ingawa mmewahi kuchapa hesabu ambazo mwanafunzi wa kidato cha pili angezikosoa. Makala yenu ya hivi karibuni kuhusu wanafunzi watafiti wa maabara ya chuo kikuu kimoja huko Marekani, wanaoshughulika na uhandisi wa misuli, mishipa ya fahamu na utengamao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wa viungo vyake, imenishinda kuinyamazia. Mmewapamba vijana wale ukurasa mzima, pamoja na picha ya roboti inayovaliwa miguuni, bila sentensi hata moja inayomhusu mgonjwa anayeketi kitini na kubandikwa nyaya za kupimia umeme wa misuli.

Kuna jambo dogo nilimalize kwanza. Mwandishi wenu anasema kuwa kuutembeza mguu wa mgonjwa wa kiharusi kwa umeme ni ugunduzi wa vijana hao, jambo ambalo naamini wao wenyewe hawakulidai. Mwanasayansi Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alichapisha mwaka 1791 habari za miguu ya vyura iliyoshtuka kwa umeme. Mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, Liberson na wenzake huko Marekani walieleza kifaa chenye swichi kisiginoni ambacho, mgonjwa anapoinua kisigino, hupeleka umeme kwenye neva ya mguu ili ncha ya mguu inyanyuke isiburute chini. Vijana wa leo wanaiendeleza kazi hiyo kwa kompyuta na vihisio bora zaidi, na hiyo ni sifa inayowatosha.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Mdogo wangu wa kike aliugua kiharusi, mguu wake wa kulia ukabaki kuburuta vidole. Siku moja tuliitwa hospitalini, hospitali ambayo sitaitaja, kwa kuwa walikuwa wamefika wanafunzi wa chuo kikuu fulani cha nje waliohitaji watu wa kuwapima. Fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kadhaa, na muuguzi aliyekuwa na haraka zake aliifasiri yote kwa maneno haya: “Mama, wanataka kukupima mguu, weka dole gumba hapa.” Akaweka. Wakamnyoa vinyweleo kwenye muundi, wakausugua kwa spiriti, wakabandika elektrodi, vile vibandiko vya kunasa umeme wa msuli, mbilimbili zilizoachana kama sentimita mbili, mbele ya muundi na nyuma kwenye shavu la mguu, kisha wakamtembeza kwenye sakafu ya vigae huku mistari ikikimbia kwenye kompyuta. Kwa joto letu la Mtwara jasho lilizibandua zile elektrodi, nao wakazibandika upya. Nikaona kwamba hata mdogo wangu alipoketi kimya mstari uliendelea kutetemeka kwa meno madogomadogo yaliyolingana, nikamuuliza kijana mmoja kama hiyo si kelele ya umeme wa ukutani. Akanijibu kwamba chujio la kelele hiyo limeshawekwa. Nikauliza limewekwa kwenye mizunguko mingapi kwa sekunde, akasema 60. Nikamweleza kwa upole kwamba 60 ni ya umeme wa kwao, umeme wa Tanzania ni mizunguko 50, na kwamba umeme wa msuli unaosomwa juu ya ngozi ni mdogo sana, chini ya sehemu chache za elfu moja za volti, kwa hiyo kelele kama hiyo inaweza kuufunika kabisa. Alitabasamu, akasema, “Asante, Mwalimu,” akaendelea kurekodi bila kugusa kitu. Walipomaliza, mdogo wangu aliniuliza, “Kaka, wameona nini?” Nikawauliza wao. Tukaambiwa majibu yataletwa kupitia hospitali, tukapewa nauli na soda, na tangu siku hiyo hakuna barua, hakuna simu, wala hakuna mtu pale hospitalini anayekumbuka kuwa kulikuwa na majibu ya kuletwa.

Mtu asidhani kwamba tulikuwa tukisubiri kitabu. Kipimo kile kinaweza kusema jambo moja lenye faida kubwa kwa mgonjwa wa namna ile: kama msuli wa mbele ya muundi bado unaitika anapojaribu kunyanyua ncha ya mguu, na kama ule wa nyuma unajikaza wakati ambao ungepaswa kulegea. Msuli wa mbele ukiwa bado unaitika, kuna sababu ya kuusumbua kila siku kwa mazoezi. Wa nyuma ukiwa ndio unaokaza, kuunyoosha asubuhi na jioni ni kazi ambayo hata mjukuu anaweza kufundishwa. Sentensi mbili za Kiswahili, zilizosemwa palepale, zingempa mdogo wangu na mtaalamu wake wa fiziotherapia mahali pa kuanzia. Badala yake sentensi hizo zimefungiwa ndani ya tasnifu ya mtu, tena pengine zikiwa zimechanganyika na kelele ya umeme wa TANESCO.

Na si kwamba haya hayajaandikwa popote. Azimio la Helsinki, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kililipitisha mwaka 1964 na kulirekebisha mara kadhaa baadaye, linataka washiriki wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla ya utafiti. Hapa nchini tafiti za afya hupitia kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kibali hutolewa kabla ya kazi. Ninayemtafuta mimi ni mtu wa kuuliza baada ya kazi.

Wala haja si ndogo. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kulinganisha umri, wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na wapatao 316 Dar es Salaam. Hao ni watu wengi wa kuburuta miguu, na wanahitaji kitu cha kuvaa leo, wakati roboti ya kwenye picha yenu ingali inasubiri fedha. Ndiyo maana nashangaa kwamba gazeti lililovuka bahari kutafuta wanafunzi wa utengamao halijawahi kufika Moshi, ambako chuo cha TATCOT, pale hospitali ya KCMC, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu mwaka 1981. Fundi wa namna hiyo hutengeneza kifaa cha plastiki kinachoshika kifundo cha mguu ili vidole visiburute, kinaingia ndani ya kiatu na hakihitaji betri. Kwa mtu wa Nanyamba au Tandahimba kukipata ni safari ya kukopea nauli. Hilo nalo lingeweza kujaza ukurasa mzima, pamoja na picha.

Pendekezo langu ni hili. Mwanafunzi yeyote atakayepima misuli ya mtu katika mikoa ya Mtwara na Lindi asiruhusiwe kuvaa joho mpaka awasilishe chuoni kwake karatasi moja, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, inayosema msuli upi ulipimwa, ulionekana ukifanya nini na mgonjwa ameshauriwa nini, ikiwa na dole gumba la aliyepimwa na sahihi ya jirani aliyeshuhudia akisomewa. Nakala ya pili ibaki nyumbani kwa mgonjwa. Kabla ya kumgusa mtu yeyote, mwanafunzi huyo abandike elektrodi zake kwenye miguu yake mwenyewe na atembee saa sita mchana kwenye mchanga wa Mikindani, kisha apande mlima wa kwenda Newala, ndipo atuambie kama alichokipata kwenye vigae kinafaa kwa watu wasio na vigae. Na chujio aliweke kwenye 50.

Wako,

Mwalimu mstaafu wa Fizikia,
Mikindani, Mtwara.